Programu za Mtandao: Safari ya Ombi la Mwananchi Baada ya Kubofya "Tuma"

Mwenye duka la nafaka katika Kata ya Kitaji, Manispaa ya Musoma, anayehitaji leseni ya biashara halazimiki tena kuanza kwa kupanga foleni katika ofisi za halmashauri. Sheria inayomtaka awe na leseni ni ileile ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972, lakini ombi lake sasa hupitia TAUSI, mfumo wa TAMISEMI unaofunguliwa kwa simu janja au kompyuta. Mwanafunzi aliyepo Butiama anayeomba mkopo wa elimu ya juu huingia katika mfumo wa Bodi ya Mikopo. Mhitimu wa Bunda anayetafuta kazi serikalini hujisajili katika Ajira Portal. Wote watatu hujaza fomu, hubofya neno "tuma", kisha husubiri.

Kinachoendelea katika kipindi hicho cha kusubiri hakifahamiki kwa wengi, na kutofahamika huko kuna gharama. Wapo wanaobofya mara tano wakidhani ombi halijaenda, wapo wanaokabidhi nywila zao kwa watu wasiowajua, na wapo wanaokosa nafasi kwa sababu mtandao ulikatika dakika kumi kabla ya dirisha la maombi kufungwa. Makala hii inaeleza programu za mtandao ni nini, zinafanyaje kazi, na zinajengwaje.

Ubao wa matangazo na kaunta

Si kila kinachofunguliwa kwenye intaneti ni programu ya mtandao. Tovuti inayoonesha taarifa ya Mkuu wa Wilaya au ratiba ya mikutano ni kama ubao wa matangazo uliotundikwa nje ya ofisi: kila apitaye huona maneno yaleyale, na ubao haumjui msomaji wake. Programu ya mtandao ni kaunta. Inauliza mwananchi ni nani, inapokea anachokileta, inakikagua, inaandika kwenye daftari na kumpa majibu yanayomhusu yeye peke yake. Watu wawili wakiifungua kwa wakati mmoja, mmoja ataona ombi lake limekubaliwa na mwingine ataona anadaiwa kiambatisho.

Mtandao wa tovuti ulianza ukiwa ubao. Mwaka 1989 Tim Berners-Lee, mtaalamu wa kompyuta katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN karibu na Geneva, alipendekeza njia ya kuunganisha nyaraka za watafiti, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikaiachia teknolojia hiyo itumiwe na yeyote bila malipo. Mwaka 1995 kampuni ya Netscape ilitoa lugha ya JavaScript, iliyotungwa na Brendan Eich, na kurasa zikaanza kuitikia vidole vya msomaji. Miaka kumi hivi baadaye, huduma kama Gmail ya mwaka 2004 na Google Maps ya mwaka 2005 zilidhihirisha kwamba kazi iliyohitaji programu kusakinishwa kwenye kompyuta ingeweza kufanyika ndani ya kivinjari. Hapo ndipo kaunta ilipopata uwezo wa kuhama kutoka ofisini.

Ombi linavyosafiri

Mwananchi anapoandika anwani yenye mwisho wa .go.tz, mwisho unaotumiwa na taasisi za Serikali ya Tanzania, kivinjari chake hakijui bado kompyuta husika ipo wapi. Kwanza kinauliza katika daftari la majina la intaneti, nacho kinarudishiwa namba. Kwa namba hiyo kinaifikia seva, yaani kompyuta iliyowashwa usiku na mchana katika kituo cha data kwa kazi ya kujibu maombi. Kabla ya neno lolote la siri kupita, pande mbili hukubaliana namna ya kuyafumba mazungumzo yao ili anayedukua njiani aone vurugu tupu ya herufi. Katika baadhi ya vivinjari, alama ya kufuli iliyo juu ndiyo ishara ya makubaliano hayo. Kufuli, hata hivyo, huthibitisha tu kwamba mazungumzo yamefumbwa, na matapeli nao huweza kulipata. Ndiyo maana anwani yenyewe hupaswa kusomwa herufi kwa herufi.

Seva hupeleka kurasa zilizoandikwa kwa lugha tatu zinazotegemeana. HTML hueleza kilichomo: hapa kichwa cha habari, hapa nafasi ya kuandika Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi, hapa kitufe. CSS huamua sura yake, rangi, ukubwa wa herufi, na jinsi fomu inavyojikunja ili itoshe kwenye kioo kidogo cha simu. JavaScript huipa ukurasa uhai: namba ya mlipakodi ina tarakimu tisa, hivyo aliyeandika nane huambiwa papo hapo, kabla hajatumia salio la bando lake kutuma fomu yenye kasoro.

Upande wa seva kuna programu nyingine ambayo mwananchi haioni kamwe. Huandikwa kwa lugha kama PHP, Java au Python, na vijana wa vyuo hupenda kubishana ni ipi iliyo bora. Ubishi huo hauna uzito mkubwa. Mfumo mbovu umewahi kuandikwa kwa kila lugha, na mzuri vilevile. Lililo muhimu ni kwamba hapo ndipo maamuzi yanapofanyika: je, mwombaji huyu ametambuliwa, je, ada ya biashara ya aina hii ni kiasi gani, je, ombi lake lipelekwe kwa ofisa gani.

Lipo jambo moja la kushangaza kuhusu seva: kwa asili haina kumbukumbu ya mtu. Kila ombi linapofika, hulishughulikia kana kwamba halijawahi kumwona mtumaji, mithili ya karani anayemsahau mteja mara anapogeuza mgongo. Ili mwananchi asiulizwe nywila katika kila ukurasa, seva humpa kivinjari chake kipande kidogo cha utambulisho, kinachoitwa kidakuzi, ambacho kivinjari hukionesha kila kinaporudi. Anayekishika kipande hicho huchukuliwa kuwa ndiye mwenyewe, na jambo hili lina madhara yanayoelezwa baadaye.

Daftari lisilochanganya majina

Nyuma ya seva ipo kanzidata. Wakazi wa Bunda waliokulia kwenye kilimo cha pamba wanaweza kuielewa kwa urahisi kupitia daftari la chama cha msingi cha ushirika. Mkulima anapoleta pamba kituoni, karani hupima, huandika jina, kijiji, kilo na fedha. Akileta mara sita katika msimu, jina lake huandikwa mara sita. Na kwa kuwa makarani hubadilishana, mara jina la ukoo linatangulia, mara linafuata, mara herufi moja imepotea. Mwisho wa msimu yanaonekana majina ya watu watatu, kumbe ni mkulima mmoja, na malipo yake yamegawanyika.

Mbunifu wa kanzidata huanza kwa kuuepuka mtego huo. Hutenga jedwali moja la wakulima, ambamo kila mtu huandikwa mara moja tu na kupewa namba yake, na jedwali jingine la mizigo, ambamo kila mzigo hubeba namba ya mkulima badala ya jina. Anayetaka jumla ya kilo za mtu mmoja huiuliza kanzidata kwa lugha ya SQL, nayo hukusanya mizigo yote yenye namba hiyo kwa kufumba na kufumbua. Jina likikosewa, husahihishwa mahali pamoja na usahihi huo kuonekana kila mahali. Kwa sababu hiyohiyo mifumo ya umma hung'ang'ania Namba ya Utambulisho wa Taifa yenye tarakimu 20: majina hufanana na tahajia hubadilika, ilhali namba hubaki na mtu mmoja.

Kazi hii ya kupanga majedwali hufanyika mapema na haivutii macho, lakini ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote katika ujenzi wa mfumo. Rangi ya kitufe hubadilishwa kwa dakika tano. Kanzidata iliyopangwa vibaya, ikishajaa kumbukumbu za halmashauri nzima, huchukua miezi kuirekebisha, na wakati wote huo wananchi wanaendelea kuitumia.

Kisichoaminika na kinachoaminika

Kanuni ya kwanza ambayo mjenzi wa programu ya mtandao hufundishwa ni kutoamini chochote kinachotoka kwenye kivinjari. Simu ni mali ya mtumiaji, na mwenye ujuzi anaweza kubadilisha ukurasa uliomo ndani yake apendavyo. Tuseme fomu imeandaliwa ili kivinjari kiseme ada ni shilingi 80,000, na seva ikapokea maneno hayo bila kuhoji. Mjanja mmoja atayageuza kuwa shilingi 800 kabla ya kutuma, naye atapata bili ya shilingi 800. Mfumo uliojengwa vizuri hauiulizi simu ada ni kiasi gani. Huipokea aina ya biashara tu, kisha huitafuta ada katika kanzidata yake wenyewe.

Vivyo hivyo kwa maandishi. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika amri ya SQL mahali palipotakiwa jina, akitumaini kwamba seva itaichukua kama agizo na kumwaga kumbukumbu za watu wengine. Dawa yake inajulikana kwa miaka mingi, nayo ni kuitenganisha amri na maneno ya mtumiaji ili maneno yabaki kuwa maneno. Nywila nazo hazipaswi kuhifadhiwa jinsi zilivyoandikwa. Husagwa kwa hesabu isiyorudi nyuma, kama unga usivyorudi kuwa mahindi, ili hata anayeiba kanzidata asizipate. Tangu kutungwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, kulinda taarifa za namna hii ni wajibu wa kisheria wa taasisi inayozikusanya.

Eneo ambalo kanuni hizi zinaonekana waziwazi zaidi ni malipo. Mfumo wa kielektroniki wa ukusanyaji wa fedha za umma ujulikanao kama GePG, ulio chini ya Wizara ya Fedha, ulianza kutumika mwaka 2017. Programu inayotoa leseni haipokei fedha. Huandaa bili na kuipeleka GePG, ambayo hurudisha namba ya malipo yenye tarakimu 12, ile ambayo wananchi wengi huiita kontroo namba. Mwananchi hulipa benki, kwa wakala au kwa simu yake. Benki au kampuni ya simu huiarifu GePG. GePG huiarifu programu iliyotoa bili. Nayo hubadilisha hali ya ombi kuwa "limelipiwa". Mifumo mitatu au minne, iliyojengwa na watu tofauti, imezungumza bila mtu yeyote kubeba karatasi. Hakuna ofisa aliyegusa noti.

Mazungumzo hayo yana hatari yake, nayo ni kurudiwa. Mtandao ukikatika wakati taarifa ya malipo ipo njiani, mtumaji hajui kama imefika, hivyo hutuma tena. Mfumo usiojiandaa utahesabu malipo mawili. Kwa hiyo wajenzi huweka sharti kwamba ujumbe wenye utambulisho uleule, hata ukifika mara kumi, uandikwe mara moja. Sharti hilohilo ndilo linalopaswa kumlinda mwenye duka wa Kitaji anayebofya "tuma" mara tano kwa wasiwasi. Akiona maombi matano katika akaunti yake, kosa ni la mjenzi.

Kujenga kwa ajili ya Kisorya

Mhandisi aliyekaa mbele ya kompyuta yenye kioo kikubwa na intaneti ya kasi huweza kusahau kwamba mfumo wake utafunguliwa Kisorya, mwisho wa nchi kavu ya Bunda ambako wasafiri hupanda kivuko kwenda Ukerewe, kwa simu ya bei nafuu. Hesabu ni nyepesi. Ukurasa wenye uzito wa megabaiti 5, uliojaa picha za viongozi na mapambo, kwenye mtandao wa kilobiti 200 kwa sekunde utachukua zaidi ya dakika tatu kufunguka. Ukurasa wenye kilobaiti 100 utachukua sekunde nne. Wa kwanza, kwa mkazi huyo, ni sawa na ofisi iliyofungwa.

Wajenzi makini hupunguza picha, hutuma kile tu kinachohitajika, na zaidi ya yote huhifadhi rasimu. Fomu ya mkopo au ya ajira ina kurasa nyingi na viambatisho vingi. Mfumo unaohifadhi kila hatua humruhusu mwombaji kurudi palepale umeme uliporejea, ilhali usiohifadhi humrudisha mwanzo. Vilevile, ujumbe wa kosa usomeke. Maneno "hitilafu 500" yana maana kwa fundi, yakimaanisha seva imeshindwa kwa kosa lake yenyewe, lakini kwa mwombaji ni kitendawili. Inafaa aambiwe kwa Kiswahili kwamba ombi halijapokelewa na ajaribu tena baada ya muda, au kwamba limepokelewa na asirudie.

Mambo haya hayaonekani mpaka mjenzi aende kwa watumiaji. Ndiyo maana ujenzi mzuri hauanzi na msimbo. Huanza na wachambuzi kukaa na ofisa biashara, mhasibu na mwombaji, kuuliza nani hufanya nini na karatasi gani hupita wapi. Hufuata michoro ya kurasa, mara nyingi kwa kalamu tu, kwa kuwa karatasi hufutwa kwa gharama ndogo. Kisha majedwali ya kanzidata, kisha msimbo unaoandikwa vipande vipande na kujaribiwa kila kipande. Katika sekta ya umma ipo hatua ya ziada: Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019, iliyounda Mamlaka ya Serikali Mtandao kutokana na Wakala ulioanza mwaka 2012, inazitaka taasisi kuwasilisha miradi yao ya TEHAMA kwa Mamlaka hiyo. Lengo mojawapo ni kuzuia kila taasisi kujijengea kisiwa chake na kumwomba mwananchi taarifa zilezile ambazo taasisi jirani inazo tayari.

Mtu wa katikati

Kwa mwananchi asiye na simu janja, lango la programu ya mtandao mara nyingi ni steshenari. Kijana wa steshenari humfungulia akaunti, humjazia fomu, humchapishia bili na kumtoza kwa kazi hiyo. Huduma hii ni halali na imewasaidia wengi. Tatizo huanza pale nywila inapobuniwa na kijana huyo na kuandikwa kwenye daftari lake, au baruapepe na namba ya simu vinaposajiliwa kwa jina la duka. Mwombaji akiitwa kwenye usaili, ujumbe humwendea mtu mwingine. Kile kidakuzi kilichoelezwa hapo juu nacho hubaki katika kompyuta ya steshenari mpaka mtumiaji abofye "toka" au muda wake uishe, na anayefuata kukaa kwenye kiti hicho aweza kuiona akaunti ikiwa wazi. Mwombaji anayehudumiwa huko anapaswa kuandika nywila mwenyewe, kutumia namba yake ya simu, na kuhakikisha ametoka katika akaunti kabla ya kuondoka.

Kwa wenye simu za kawaida, Serikali hutoa baadhi ya huduma kupitia namba *152*00#, ambayo haihitaji intaneti. Menyu hiyo ni sura nyingine ya kaunta: nyuma yake zipo seva na kanzidata, na taarifa inayosomwa hapo inaweza kutoka kwenye daftari lilelile linalosomwa na mwenye kompyuta.

Mfumo ukishazinduliwa, kazi kubwa hubaki. Wiki ya mwisho ya dirisha la maombi huleta maelfu ya watu kwa pamoja, na seva iliyotosha mwezi mzima huzidiwa. Wasimamizi huongeza seva na kugawanya maombi kati yake. Nakala za kanzidata hutunzwa mahali pengine kila siku, na husomwa upya mara kwa mara ili kuthibitisha kwamba zinarejesheka. Mwombaji naye hushauriwa kutuma ombi katika siku za mwanzo, na kutunza namba ya ombi pamoja na stakabadhi ya malipo, kwa kuwa ndizo zinazomwezesha ofisa wa dawati la msaada kulifuatilia ombi hilo katika kanzidata iwapo majibu yatachelewa.